Mle ndani mnafanya nini?

Watu wanaoniuliza habari za tiba ya mazungumzo huanza karibu wote na swali moja. Hawaulizi kama inaponya, wala kama ni ghali. Wanauliza: mle ndani mnafanya nini? Nimeulizwa na walimu wenzangu, na mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja kliniki ya presha, na shemeji yangu ambaye maisha yake yote sijamsikia akiuliza jambo la afya mbele ya watu. Naamini swali hilo ndilo linalowafanya wengi waishie mlangoni. Mtu atajipelekaje mahali asipopajua, akamweleze mgeni mambo ambayo hata nyumbani kwake hayajatamkwa? Kwa hiyo nitaeleza nilichokikuta mimi, na pale penye mengi nitakaa zaidi.

Nafundisha shule ya msingi, Tanga mjini. Nilichougua ni mashambulio ya hofu, ugonjwa unaokuja ghafla, unapanda hadi kileleni ndani ya dakika kama kumi, kisha unashuka wenyewe. Mara ya kwanza ulinikuta ubaoni nikifundisha hesabu za sehemu. Moyo ulianza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, midomo ikawashawasha, kifua kikabana, sauti za watoto nikawa nazisikia kwa mbali. Wala sikujiuliza kama nitakufa. Niliamini saa yangu imefika na kilichobaki ni kutamka shahada. Nilishika ukingo wa meza nikamtuma kiranja amwite mwalimu wa darasa la jirani. Kabla hajafika hali ilikuwa imeanza kutulia, nami nimeloa jasho mbele ya watoto wa watu.

Ikarudi sokoni. Ikarudi msibani, nikatolewa nje nikipepewa na kanga. Ikarudi usiku nimelala, na hiyo ya usiku ndiyo iliyonivunja moyo kabisa, maana nilikuwa nikijifariji kwamba angalau kitandani niko salama.

Kwetu ugonjwa wa namna hii hauanzii kwa mtaalamu wa akili, huanzia maabara. Nilipimwa malaria. Nilipimwa taifodi, na zahanati moja ikanitibu taifodi ambayo nina hakika sikuwa nayo, kwa sababu sikuwa na homa hata siku moja. Nikatibiwa UTI. Nikaambiwa ni vidonda vya tumbo, nikaacha pilipili na maharage. Mwisho nikapelekwa kwa daktari wa moyo, nikafanyiwa kipimo cha umeme wa moyo, damu, sukari na homoni za tezi ya shingo. Sisemi kwamba vipimo hivi ni upotevu wa fedha. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inaweza kukupa moyo wa mbio na mikono ya kutetemeka vilevile. Upungufu wa damu nao unaweza, na sukari ikishuka pia. Mtu apimwe, tena apimwe vizuri, mara moja. Shida ni kile kinachofuata majibu yakitoka safi. Madaktari wengi waliniambia, "Mama, huna ugonjwa," wakaita mgonjwa mwingine. Nikirudi nyumbani na maneno hayo, nakuwa na mzigo mara mbili: ule wa mwili wangu, na ule wa kuonekana najidekeza.

Daktari wa moyo ndiye aliyesema tofauti. Alinionyesha karatasi ya kipimo akaniambia, "Mwalimu, moyo wako mzima. Na unachokisikia ni cha kweli. Vyote viwili ni kweli." Kisha akaniandikia barua ya kwenda kitengo cha afya ya akili.

Barua ile ilikaa ndani ya Kurani yangu muda mrefu. Niliyekulia mkoa wa Tanga, picha niliyokuwa nayo ya matibabu ya akili ni Lutindi, hospitali iliyo milimani Korogwe, iliyotokana na kituo cha wamisionari wa Kijerumani cha mwishoni mwa karne ya 19, na Mirembe ya Dodoma ambayo nchi nzima hulitumia jina lake kumtukania mtu. Hospitali hizo zimewatunza watu waliotupwa na ndugu zao, na zinastahili heshima kuliko tunavyozitaja. Lakini kwa sababu ndizo picha pekee tulizo nazo, mtu mwenye hofu, au aliyekosa usingizi kwa majonzi, anaona kwamba mlango huo si wake mpaka aokote makopo barabarani. Mume wangu hakunizuia. Alisema tu, "Watu watasema." Na kweli, kitengo kile kiko pembeni mwa uwanja wa hospitali, ukishika njia ile kila mtu anajua unakwenda wapi.

Shangazi yangu alitaka kisomo kwanza, na tulifanya. Sheikh alikuja nyumbani, akasoma, na wakati anasoma nilipata utulivu niliokuwa sijauonja kwa muda mrefu. Alipomaliza aliniuliza hospitali wamesema nini. Nikamwonyesha barua. Akasema, "Mwanangu, dhikri usiache, na huku pia uende. Tiba imeamrishwa." Nawashukuru viongozi wa dini wa aina hii, masheikh na wachungaji. Ninaowaogopa ni wale wanaomwambia mgonjwa atupe vidonge vyake kama dalili ya imani. Nimemwona jirani aliyetupa, nikaona yaliyompata.

Sasa mle ndani.

Chumba kilikuwa na meza, viti viwili, feni na kabati la mafaili. Hakukuwa na kitanda, hakukuwa na mtu wa kukushika. Mwanasaikolojia alikuwa binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia "Shikamoo mwalimu," nikaitikia, na nikajiuliza moyoni mtoto huyu atanisaidia nini. Jambo la kwanza alilonieleza ni siri. Ninayoyasema hayatoki mle, hata mume wangu hatayajua kwake, isipokuwa kama maisha yangu au ya mtu mwingine yako hatarini. Alilisema kabla sijauliza. Siku hizi nikimshauri mtu kwenda tiba namwambia aangalie hilo: mtaalamu asiyezungumzia siri katika mkutano wa kwanza, muulize mwenyewe, na kama jibu lake ni la kubabaisha, ondoka.

Kisha maswali. Ninalalaje, nakula nini, nani anaishi nyumbani, nani amefariki, kuna aliyewahi kuugua hivi katika ukoo, natumia kileo au dawa gani. Aliniuliza waziwazi kama nimewahi kufikiria kujiua. Swali lile lilinishtua, halafu likanipa nafuu, kwa maana niliona hapa hakuna kisichoulizika. Akanipa dodoso mbili za Kiswahili, moja ya dalili za wasiwasi na nyingine ya dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayomzima mtu. Ile ya sonona ina maswali tisa, yote yanahusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya mambo, kuwa na huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona umeshindwa, kushindwa kuweka mawazo pamoja, mwili kuzubaa au kuhangaika, na mawazo ya kifo. Kila swali unajipa alama kutoka 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 mtaalamu anaona kuna haja ya kuchunguza zaidi. Karatasi yenyewe haitoi hukumu. Faida yake niliiona baadaye, tulipoirudia, nikaona alama zinashuka hata katika majuma ambayo mimi nilidhani nimesimama palepale.

Nilitegemea anipe ushauri. Hakunipa. Shangazi zangu, mama mkwe, mwalimu mkuu, wote walikuwa wameshanishauri: jikaze, omba, pumzika, usiwaze sana, fanya mazoezi. Binti yule alichukua karatasi tupu akachora duara. Akaniuliza nini hutangulia. Nikasema moyo kwenda mbio. "Moyo ukienda mbio unawaza nini?" Nawaza kwamba nakufa. "Ukiwaza hivyo mwili unafanya nini?" Moyo unazidi. Akaunganisha mshale na mshale mpaka duara likafunga. Alinieleza kwamba mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliuandika mzunguko huu mwaka 1986: mwili unatoa dalili ndogo isiyo na madhara, mtu anaitafsiri kuwa ni balaa, tafsiri hiyo inaleta hofu, hofu inaongeza dalili. Yaani mimi nilikuwa naogopa moyo wangu mwenyewe.

Kisha akaniambia tusimame, tupumue kwa haraka na kwa nguvu pamoja, dakika moja. Baada ya sekunde chache tu vidole vilianza kufa ganzi. Midomo ikawashawasha. Kichwa kikawa chepesi, chumba kikawa mbali. Ilikuwa ileile, dalili kwa dalili. Nilitaka kukimbia. Akasema, "Kaa, mwalimu, usifanye chochote. Iangalie tu." Tukakaa. Ikapita.

Nafundisha sayansi darasa la sita, kwa hiyo maelezo yaliniingia upesi. Ukipumua haraka kuliko mwili unavyohitaji, unaitoa kabonidayoksaidi kwa wingi. Ikipungua katika damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa kidogo, na neva za vidole na za mdomo huwashawasha. Damu yako haina upungufu wa oksijeni, ingawa unahisi huna hewa. Ukiacha, mwili unajirekebisha. Mambo hayo ningeweza kuyasoma kitabuni nikayajibia mtihani. Kuyatengeneza kwa pumzi zangu mwenyewe, kwenye kiti, saa tatu asubuhi, na kuona yanapita bila sindano, bila kupepewa, bila maji, ndiko kulikobadilisha kitu ndani yangu. Kile nilichokiita kifo nilikuwa nimekileta kwa mapafu yangu na kikaondoka.

Alinipa kazi ya nyumbani: nirudie zoezi lile kila siku, pamoja na kuzunguka papo kwa papo mpaka kizunguzungu kije, na kupanda ngazi za ghorofa la shule mbio mpaka moyo udunde. Mume wangu alinikuta najizungusha sebuleni akadhani sasa mambo yameharibika. Nilimkalisha nikamweleza lile duara. Tangu siku hiyo hakusema tena habari ya watu watasema nini.

Ndiyo maana nasema tiba hii ni kazi. Saa moja ile ya wiki ni ya kupanga na kukagua. Tiba yenyewe inafanyika siku zilizobaki. Aliyeniambia anaenda kila wiki, anazungumza, analia, anarudi nyumbani bila la kufanya, na mwaka umepita bila badiliko, namhurumia, na namshauri amuulize mtaalamu wake mambo matatu: umesomea nini, tunatumia njia gani, na tutajuaje kwamba napata nafuu. Mtaalamu wa kweli hachukizwi na maswali hayo. Anayeanza kukwambia uachane na mumeo siku ya kwanza, anayekuuzia dawa za mitishamba mkobani, anayetaka mkutane nje ya ofisi, huyo mwache.

Tuliandika orodha ya mambo niliyokuwa nimeyaacha kwa hofu, kila moja na alama yake, kutoka lisilotisha sana hadi lile ambalo hata kulitaja kulinitoa jasho. Chini kabisa ilikuwa kusimama foleni ya samaki soko la Mgandini. Juu kabisa ilikuwa basi la kwenda Muheza. Katikati kulikuwa na daladala ya Pongwe, kiti cha katikati, dirisha limefungwa.

Lakini kabla ya kupanda chochote aliniuliza nimebeba nini mkobani. Nikamtajia: chupa ya maji, pipi za minti, simu yenye salio, kidonge kimoja cha diazepam, dawa ya kutuliza, nilichouziwa duka la dawa bila cheti. Akauliza, "Usipokuwa na chupa?" Nikasema sitoki. Hapo ndipo niliposikia jambo ambalo mpaka leo naliona ni kiini cha tiba hii. Alisema kila shambulio lilipopita, niliipa shukrani chupa. Au minti. Au kiti cha karibu na mlango. Au vidole vyangu vilivyokuwa vikishika mapigo ya shingo kila baada ya dakika chache. Kwa hiyo sikuwahi kupata nafasi ya kugundua kwamba linapita lenyewe. Kuhusu diazepam alikuwa mkali zaidi: inatuliza haraka, lakini mwili huizoea, kisha hauwezi kukaa bila yake, na hofu ya kuikosa inakuwa ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza. Alinirudisha kwa daktari ili nisiiache wala kuiendeleza kwa kubahatisha.

Daladala ya Pongwe niliipanda asubuhi ya Jumamosi, chupa nimeiacha nyumbani mezani. Nilikaa kati ya mzee mwenye tenga la nazi na kijana mwenye vipokea sauti masikioni. Tulipofika Kange kifua kilibana. Nilikuwa nimeelekezwa nisipigane nayo, nisijisomee chochote cha kuifukuza, nihesabu tu hofu iko ngapi kati ya 0 na 100 na niandike. Niliandika 70. Nikaandika 85. Konda aliniangalia akasema, "Mama, unashuka?" Mdomo wangu wote ulitaka kusema ndiyo. Nikasema, "Bado." Nikaandika 90, mwandiko wenyewe hausomeki. Kisha, mahali fulani kabla ya Pongwe, nikaandika 60, halafu 40, na nikashangaa kujikuta naangalia mashamba ya mkonge nje ya dirisha kama abiria mwingine yeyote. Siku ile nilirudi na gari lilelile. Jumamosi zilizofuata namba zilianzia chini zaidi, ingawa si kila mara. Kulikuwa na siku zilipanda tena bila sababu, na nilifundishwa kwamba siku hizo ndizo zenye faida kubwa, mradi nisishuke.

Basi la Muheza lilikuwa na sababu yake. Mama yangu amezikwa huko. Alikufa ghafla, kwa kifua, na simu ya kifo chake niliipokea nikiwa nimesimama ubaoni. Nililieleza hilo katika mikutano ya katikati, kwa kuwa binti yule aliniuliza, "Mama alifariki vipi?" Tangu mazishi watu walikuwa wameniuliza arobaini ni lini, nani atasimamia nyumba, vitu vyake tumevigawaje. Jinsi alivyokufa, na mimi nilikuwa wapi, hakuna aliyeuliza. Sipendi kulikuza hili, kwa sababu si kila mwenye mashambulio ya hofu atakuta sababu iliyonyooka namna hii. Wengi hawana, na tiba inawafaa vilevile. Kwangu mimi lilieleza kwa nini mpigo mmoja wa moyo uliokaa vibaya ulitosha kuniambia kwamba zamu yangu imefika. Nilihitaji kumlilia mama, na nililia, na halikuwa jambo la kufundishwa hatua kwa hatua.

Vidonge nilipewa pia. Daktari wa magonjwa ya akili aliniandikia sertraline, dawa ya wasiwasi na sonona, kwa kipimo kidogo, akanionya mapema kwamba siku za mwanzo wasiwasi unaweza hata kuongezeka, tumbo linaweza kuvurugika, na kwamba nafuu yake huja taratibu, wiki kadhaa, hivyo nisikate tamaa wiki ya kwanza. Akanionya pia kwamba nikipata nafuu nisiache kwa ghafla. Kuacha ni kwa kupunguza, chini ya uangalizi. Wapo waliopona kwa mazungumzo peke yake na wapo waliohitaji vyote. Sioni sababu ya mtu kuona fahari kwa kukataa dawa, wala aibu kwa kuimeza.

Nimesema habari za hofu kwa kuwa ndiyo niliyoijua mwilini. Sonona niliijua kwa mwalimu mwenzangu, na ni tofauti. Mimi nilikuwa nahangaika, yeye alizima. Alikuwa shabiki mkubwa wa timu ya Coastal Union, hakosi uwanja wa Mkwakwani, kisha akawa hata matokeo haulizi. Madaftari ya watoto yakarundikana mezani kwake. Mgongo ukawa unauma, usingizi unakatika saa tisa usiku, akawa anakaa hadi alfajiri. Ofisini walisema ana madeni, wengine walisema amelewa mapenzi. Kilichonishtua ni alipogawa redio yake na vitabu vyake kwa vijana wa mtaani, kwa utulivu, kama mtu anayefunga hesabu.

Nilimfuata chini ya mwembe baada ya kipindi, nikamuuliza kama nilivyoulizwa mimi: "Kaka, umewahi kufikiria kujiua?" Wengi wanaogopa kwamba ukiuliza utampandikizia wazo. Wataalamu wamelichunguza jambo hili, na kuuliza hakupandikizi. Kunampa mtu mwanya wa kusema. Alinyamaza sana, kisha akasema ndiyo. Sikumhubiria. Niliuliza kama ana mpango na kama ana kitu nyumbani alichokusudia kukitumia. Alikuwa nacho. Tulikwenda na kaka yake kukichukua jioni ileile, na kesho yake tukaenda naye hospitali, hakulala peke yake usiku ule.

Alichokiogopa kuliko chote ni polisi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo inawafunga watu midomo hata mbele ya madaktari. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, namba 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kinakwenda kinyume cha katiba. Natamani sana na sisi tufike huko. Mtu aliyefika ukingoni anahitaji kitanda na mtu wa kumsikiliza, na sheria inapomwita mhalifu inamfundisha kujificha vizuri zaidi.

Tiba yake haikuanza na mawazo. Njia ya kuchunguza mawazo, aliyoiasisi Aaron Beck huko Philadelphia miaka ya 1960, waliifikia baadaye. Walianza na matendo. Mwanasaikolojia alimweleza kwamba sonona humfanya mtu asubiri hamu irudi ndipo atende, na hamu hairudi kwa anayesubiri. Kwa hiyo kazi zake za nyumbani zilikuwa ndogo ndogo, zenye saa: kunyoa ndevu Jumatatu, kusahihisha madaftari matano tu, kwenda Mkwakwani hata kama hajisikii, na kuandika kila jambo lilimpa raha kiasi gani. Mechi ya kwanza aliandika 1 kati ya 10. Alinionyesha daftari lile kwa uchungu. Miezi baadaye aliniambia alibishana na mtu jukwaani juu ya penalti, na nilijua kwamba anapona.

Kinachowakwamisha wengi hata baada ya kukubali ni nauli. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, amesimulia hadharani alivyompoteza mgonjwa kijana mwaka 2005 ambaye hakurudi hospitali kwa kuwa familia ilikosa nauli ya basi. Mwaka uliofuata alianza kuwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, wakae na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwaongoza kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na bibi, waliokuwa bado na dalili za sonona walikuwa asilimia 14, na kati ya waliopata huduma ya kawaida asilimia 50. Zanzibar nako benchi hilo limefika. Kila nikiwaona bibi zetu wa Makorora wamekaa barazani jioni nawaza mafunzo hayo yangewafaa kiasi gani, kwani watu wanaowahitaji wanapita mbele yao kila siku.

Mashambulio yangu hayakufutika milele. Mwaka huu wakati wa kusahihisha mitihani ya darasa la nne lilinijia moja, kubwa. Mume wangu alijua la kufanya: hakuita majirani, hakunipepea, hakusema jikaze. Alikaa karibu, akapumua polepole nisikie, akasema, "Linapanda, litashuka, mimi nipo." Lilishuka, nikarudi kwenye karatasi. Binti yule alikuwa ameniandalia ukurasa mmoja wa nini cha kufanya likirudi, na la kwanza pale ni kutoacha chochote nilichopanga kufanya siku hiyo.

Anayetaka kuanza, hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, na zahanati ya karibu inaweza kukuandikia barua. Ukiona haya kutamka neno akili dirishani mbele ya foleni, sema unakwenda kwa daktari wa msongo wa mawazo; wanaelewa. Nenda na majibu yako ya vipimo usirudie kupimwa upya, andika dawa zote unazotumia pamoja na zile za duka la dawa na za mganga, na kama unaye mtu unayemwamini akusindikize hadi mlangoni. Lakini kama mawazo yako ni ya kujidhuru, usisubiri barua wala siku ya kliniki. Mwambie mtu mmoja leo, asikuache peke yako, mwende pamoja idara ya dharura, iwe ni saa ngapi.